Fyuzi ya stata ya pikapu ya dizeli inaungua kila baada ya siku chache: nianzie wapi?

Mkulima wa Makambako

Salaam kwenu mafundi na wenye magari. Nina pikapu ya dizeli ya Kijapani ya mwaka 2004, injini ya lita 3.0 isiyo na tabo, gia za mkono, ambayo naitumia kubebea viazi kutoka shambani hadi mjini. Tangu mwezi wa tano fyuzi ya stata (ile mota inayozungusha injini ili iwake), ambayo kwenye kifuniko cha boksi imeandikwa ampea 30, imekwisha kuungua mara saba. Nikiweka mpya gari linawaka na kufanya kazi siku tatu, wakati mwingine hata wiki mbili, kisha asubuhi moja nageuza ufunguo nakuta kimya kabisa, ilhali taa za dashibodi zinawaka kama kawaida.

Kati ya mara hizo saba, sita zimetokea alfajiri, na wanaoijua Makambako ya mwezi wa sita na wa saba wanaelewa baridi ninayoisema. Mara moja tu imetokea mchana, nilipokuwa nimezima gari kwenye kituo cha mafuta. Fundi wa kwanza alibadilisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme iliyo kwenye njia ya stata. Wa pili alibadilisha swichi ya ufunguo, akaniapia kuwa ndiyo mchawi wangu, na fyuzi ikaungua siku ya nne. Wa tatu, kijana wa jirani, alinishauri niweke fyuzi ya ampea 40 au nizungushie nyuzi za shaba ili nisiliwaze tena jambo hili. Nikakataa, kwa kuwa niliwahi kuona lori la mtu likiungua kwa ushauri wa namna hiyo.

Niongeze mambo mawili ambayo huenda yana maana na huenda hayana. Betri ina umri wa miaka mitatu. Pia kwa miezi kadhaa sasa asubuhi nageuza ufunguo mara mbili au tatu kabla stata haijazungusha injini: nasikia "ta" moja, kisha hakuna kitu, narudisha ufunguo, nageuza tena, inashika. Nimekwisha kuizoea. Fyuzi zote zilizoungua nimezihifadhi ndani ya kiberiti. Ningependa kujua nianze kupima nini kabla sijanunua kifaa kingine cha kubahatisha.

Dereva Mstaafu

Pole, ndugu. Mimi nimeendesha dizeli za zamani kwa muda mrefu, na jambo la alfajiri mara nyingi ni hita plagi, zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla haijawaka. Zikifa, injini haiwaki upesi, dereva anang'ang'ania ufunguo, stata inazunguka muda mrefu, na mzigo huo mrefu ndio unaochosha fyuzi. Pima hita plagi zako zote nne kwanza.

Fundi Umeme, Changamwe

Mzee wangu hapo juu namheshimu, na hita plagi ni vizuri kuzipima, lakini hazitaeleza fyuzi hii. Fyuzi ya ampea 30 hailindi mota ya stata. Mota ya dizeli ya lita 3.0 inavuta ampea mia mbili na zaidi, na umeme huo unapita kwenye kebo nene inayotoka betri moja kwa moja bila fyuzi yoyote njiani. Ndiyo maana mtu akitaka kushika stata huanza kwa kuchomoa hasi ya betri. Fyuzi inalinda njia ndogo tu: kutoka boksini, kupitia rilei, hadi kwenye ule waya mwembamba unaoamsha solenoidi, ile swichi ya sumaku ya umeme iliyo juu ya stata. Stata ikizunguka sawasawa hata kwa sekunde 15, njia hiyo ndogo haielemewi.

Kwa hiyo swali ni hili: je, waya mwembamba unagusa bati mahali fulani, au kitu kilicho mwishoni mwake kinavuta umeme kupita kiasi? Kiberiti chako, bwana mkulima, ni mali kubwa kuliko rilei uliyonunua. Fungua fyuzi hizo uziangalie kwenye mwanga. Ikiwa kidirisha cha plastiki kimepakwa weusi na chuma kimetawanyika kama kilicholipuka, hapo waya umegusa chesisi na umeme ulikimbia wote kwa mkupuo mmoja. Ikiwa kidirisha ni kisafi, na kile kitepe cha ndani kimeyeyuka taratibu katikati kikaacha pengo dogo, hapo fyuzi ilibeba mzigo uliozidi kidogo uwezo wake kwa sekunde kadhaa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Baada ya hapo pima waya. Chomoa waya mwembamba kwenye solenoidi na uufunge tepu ili usiguse kitu. Ondoa fyuzi, na kwenye tundu lake unganisha taa ya indiketa ya wati 21 kwa vipande viwili vya waya. Mtu mmoja akanyage klachi na kushika ufunguo upande wa kuwashia. Stata haitazunguka, na taa haipaswi kuwaka. Wewe upite na mkono ukitikisa waya wote, hasa pale unapokaribia eksozi, pale unapopita juu ya gia boksi, na chini ya kibao cha betri ambako asidi hula ganda la waya. Sukuma na injini yenyewe huku na huku, kwa maana mipira ya injini ikichoka injini huruka inapowaka na kuvuta waya. Taa ikimeta hata mara moja, umeupata mchubuko. Uzuri wa taa ni kwamba haipitishi hata ampea mbili, hivyo unaweza kutafuta saa nzima bila kuunguza fyuzi hata moja.

Angalizo: usisahau kuchomoa ule waya kwenye solenoidi. Ukiuacha, taa itawaka kila mara kwa sababu solenoidi yenyewe ni njia ya kwenda hasi, na utaanza kuchana nyaya zisizo na kosa.

Mkulima wa Makambako

Asante sana, fundi. Nimefanya yote hayo Jumamosi pamoja na kijana wangu. Fyuzi saba nimezipanga juu ya boneti: sita ni safi, kitepe kimekatika katikati kwa pengo jembamba kama ukucha, plastiki haina weusi wowote. Ya saba, ile ya kituo cha mafuta, ina weusi kidogo upande mmoja. Taa haikuwaka hata mara moja, ingawa tumetikisa waya kutoka boksini hadi kwenye stata, tumesukuma injini, na kijana akasogeza gia zote. Sasa sijui nifurahi au nisikitike.

Msukaji wa Stata, Mwanza

Furahi, kaka, kwa kuwa umeondoa nusu ya kazi. Mimi kazi yangu ni kusuka na kufufua stata, na nilipofika kwenye ile "ta" yako sikuhitaji kusoma mbele. Umeiandika kama jambo la pembeni, kumbe ndilo lenyewe.

Ndani ya solenoidi kuna misuko miwili ya waya inayolishwa na ule waya mwembamba mmoja. Msuko wa kwanza ni mnene na kazi yake ni kuvuta: unavuta pistoni ya chuma, pinioni (gia ndogo ya stata) inasukumwa kwenye gia ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na sahani ya shaba iliyo nyuma ya pistoni inagonga vipande viwili vya shaba na kuunganisha kebo nene na mota. Msuko wa pili ni mwembamba, kazi yake ni kushikilia tu pistoni isirudi. Wa kuvuta una ulafi mkubwa wa umeme, lakini umefungwa kwa akili: upande wake mmoja unatoka kwenye waya wa ufunguo, na upande wa pili hauendi kwenye bodi, unakwenda kwenye nguzo ya mota na kupata hasi yake kupitia mota. Shaba zikishagusana, nguzo ile ya mota inapata umeme kamili wa betri, msuko wa kuvuta unakuwa na umeme uleule pande zote mbili, na hauvuti tena kitu. Ulafi wake unadumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na fyuzi wala haina habari.

Sasa fikiria shaba zimelika. Pistoni inavutwa, unasikia "ta", lakini sahani haigusi sawasawa, mota haipati umeme, na msuko wa kuvuta unaendelea kula kwa muda wote ulioshika ufunguo. Ukijumlisha misuko yote miwili, kwenye stata za dizeli za namna hii huwa naona ampea 40 hadi 50. Fyuzi ya 30 haikatiki papo hapo kwa mzigo huo. Inavumilia sekunde moja, mbili, tatu, inapata joto, kitepe kinalegea katikati. Ndiyo maana zako ni safi. Ndiyo maana pia mara nyingine inapona, kwa sababu unarudisha ufunguo upesi. Na ndiyo maana ni alfajiri: oili ni nzito, betri ya miaka mitatu inashuka, pistoni haivutwi kwa nguvu ya kutosha kuzibana shaba zilizobaki, na dereva mwenye baridi hushika ufunguo kwa hasira.

Usiniamini kwa maneno, pima. Weka gia huru, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta pale kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, ncha moja kwenye nguzo nene inayotoka betri na nyingine kwenye nguzo nene inayoingia mota, zote mbili ziko hapo juu ya solenoidi. Kabla ya kugeuza ufunguo utaona volti za betri. Mtu ageuze ufunguo: shaba zikigusana vizuri, mita lazima ishuke karibu na sifuri. Ukisikia "ta" na mita ikabaki kwenye volti 11 au 12, shaba hazijagusana. Asizidishe sekunde mbili. Jaribu mara kumi, na ufanye alfajiri, si saa sita mchana wakati gari limepata joto na linajifanya zima.

Pima na betri palepale wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6, ina lawama yake pia.

Fundi Umeme, Changamwe

Nakubaliana na dada. Naongeza jambo moja kwa wanaotaka kupima ampea zenyewe: mita za kubana waya zinazouzwa kwa bei rahisi nyingi husoma umeme wa nyumbani tu, hazisomi umeme wa betri. Nimeona fundi akibana waya wa stata, akasoma sifuri, akatangaza kuwa stata imekufa.

Mkulima wa Makambako

Ninaleta majibu. Nimepima alfajiri tatu mfululizo. Kati ya majaribio kumi ya siku ya kwanza, manne yalitoa "ta" na mita ikabaki 11.4. Siku ya pili yakawa matatu. Betri ilishuka hadi 9.1 stata ikizunguka, lakini niliposafisha vichwa vya kebo, ambavyo vilikuwa na unga wa kijani ndani ya koleo ya hasi, ikasimama kwenye 9.8.

Tulichomoa hasi ya betri, tukaishusha stata, tukafungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi. Kipande kimoja cha shaba, kile cha upande wa betri, kilikuwa kimelika hadi kubaki chembamba kama bati la kopo upande ambao sahani hugonga, na sahani yenyewe ilikuwa na shimo jeusi la mviringo. Kile cha pili kilikuwa bado kina unene wake. Nimenunua vipande viwili na pistoni mpya yenye sahani yake. Muuzaji alitaka kuniuzia stata nzima iliyotumika, tukaelewana baada ya kumwonyesha nilichoshika mkononi.

Leo ni siku ya 24. Nageuza ufunguo mara moja tu, na "ta" ile haisikiki tena kwa sababu inafuatwa papo hapo na mota. Fyuzi ni ileile ya ampea 30. Swali langu la mwisho: ile fyuzi ya saba yenye weusi kidogo niipuuze?

Msukaji wa Stata, Mwanza

Usiipuuze, wala isikunyime usingizi. Weusi kidogo upande mmoja unaweza kutokea fyuzi ikishika ovyo kwenye tundu lake na kutoa cheche. Angalia meno ya tundu la fyuzi boksini. Baada ya kuchomoa na kuchomeka mara saba huwa yamepanuka. Yabane taratibu kwa bisibisi nyembamba, hasi ya betri ikiwa imechomolewa, kisha uone kama fyuzi mpya inaingia kwa kukaza.

Mkulima wa Makambako

Nimeangalia. Jino moja lilikuwa limelegea na plastiki yake imebadilika rangi kuwa ya kahawia. Nimelibana, na fyuzi sasa inaingia kwa nguvu ya kidole gumba.

Dereva Mstaafu

Na hita plagi je?

Mkulima wa Makambako

Mzee, mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa. Nimezibadilisha pia.