Tupeane uzoefu: kuwapeleka watoto wadogo kwa ndugu ambao hawajawahi kuwaona

Mama Wawili Kimara
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Bukoba, nyumbani kwa baba yao, kwa ndugu ambao mimi mwenyewe wengi nimewaona kwenye picha za misiba tu. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mkubwa hapendi kushikwa na asiyemjua, chakula chake ni wali maharage, na shikamoo huitoa akijisikia. Mume wangu anasema "watazoea". Yeye hatakuwa jikoni na mawifi! Mliopita njia hii semeni: safari, kulala, kula, na maneno ya ndugu.

Mhaya wa Tabata
Karibu kwetu shemeji. Nianze na barabara, maana hapo ndipo watoto huharibikia. Dar hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,400. Kumpakata mtoto kwenye basi safari yote hiyo ni adhabu kwako, kwake na kwa aliyekaa kiti cha mbele. Sisi tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 tunaikata safari: treni hadi Dodoma, tunalala, kesho yake basi. Kwenye treni mtoto anatembea, choo kipo, na hakuna kondakta wa kumwomba asimamishe gari. Ila nafasi ya basi wekeni mapema, maana msimu huo mabasi ya Bukoba yanatoka Dar yameshajaa. Mkiwa na muda pitieni Mwanza mpande meli, MV Victoria Hapa Kazi Tu. Mnaondoka jioni, watoto wanalala ziwani, asubuhi mko Bukoba. Chukueni daraja lenye kitanda, na msisahau masweta.

Kuhusu chakula, huyo wa wali maharage ana bahati. Kwetu ndizi na maharage hupikwa sufuria moja. Mpe bila kumtangazia kwamba ni ndizi. Senene nao mwezi huo huenda ukawakuta. Binti yangu alikuwa hagusi nyama hata ya kusaga, ila senene wa kukaanga alikula hadi shangazi akaficha bakuli. Kahawa ya kutafuna mtapewa mkifika, ndiyo heshima ya mgeni. Ya mtoto pokea wewe, ushukuru, uweke mfukoni.

Mngoni Asiye na Shamba
Mwandae na utani wa mababu. Kwetu Songea babu mdogo alimpokea binti yangu kwa "mke wangu umefika, mbona hukuniandikia?" Mtoto alilia akasema hataki kuolewa, yeye anasoma chekechea. Ukumbi mzima ukacheka, akazidi kulia. Bibi ndiye aliyeokoa jahazi. Alimchukua pembeni akamwambia: huyo ni mume wangu, usimkubali, mwambie hana hata ng'ombe. Kesho yake asubuhi mtoto akamfuata babu kwenye kigoda kudai mahari, na hadi tunaondoka alikuwa ameshakula karanga zake zote.

Mama wa Msimamo
Utani sawa, ila mtoto asipotaka kupakatwa asipakatwe. Salamu atatoa akiwa amesimama nyuma ya gauni langu, inatosha. Na kulala, wanangu wanalala na mimi. Kwenye nyumba za ukoo godoro linatandazwa chini, watoto wote humo, wa kaka, wa jirani na yule kijana wa kidato cha nne ambaye hakuna anayejua ni wa nani hasa. Hapana. Nami sibishani na mwenye nyumba. Nasema tu "huyu bado anakojoa, atawalowesha wenzake". Hakuna aliyewahi kung'ang'ania godoro lake lilowe.

Mhaya wa Tabata
Dada, sisi wote tumelala kwenye hayo magodoro. Ndiko tulikojuana.

Mama wa Msimamo
Wachezee pamoja mchana kutwa, wajuane. Usiku ni wangu.

Bint Malindi
Mimi naja na upande wa pili, sie ndio wageni. Tunaishi Muscat, na likizo za skuli nawachukua wanangu nyumbani Unguja. Nyumba nzima iko mlangoni, macho kwenye masanduku. Zawadi haikunipa tabu. Tabu ilikuwa lugha. Mwanangu Kiswahili anakisikia, lakini akikisema kinatoka cha Kiarabu kitupu. Akisema neno, vijana wa ami yake wanaangua kicheko, basi akanyamaza kimya. Hata maji akawa anaomba kwa kidole. Niligomba, haikusaidia kitu. Aliyemtoa ni bibi mmoja, jamaa wa mbali upande wa mama. Akaanza kumtuma: nenda kwa yule anayeuza mkate wa mofa, mwambie bibi anataka miwili ya moto. Akirudi, anatumwa tena. Muuza mofa hana muda wa kumcheka mteja. Baada ya siku chache mtoto kaanza kubishana bei, na wale vijana wakawa wanamfuata nyuma kwa vile yeye ndiye mwenye pesa.

Nesi wa Zamu
Fupi tu. Kagera malaria ipo, kwa hiyo beba chandarua chako, usitegemee cha mwenyeji. Chukua kadi za kliniki za wote wawili na pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Mtoto akichemka homa usisubiri shangazi amalize kuchemsha majani, nenda zahanati apimwe siku hiyo hiyo. Maji ya kunywa yachemshwe, na useme ni masharti ya daktari, lawama zije kwetu.

Wa Ushago Kila Desemba
Salamu kutoka Nairobi. Sisi huenda Kakamega, na shida yetu kubwa ilikuwa choo cha shimo. Kijana wangu alichungulia ndani mara moja akasema huko haingii, akajizuia hadi tumbo likamuuma. Siku hizi nabeba poti, ingawa shemeji zangu hucheka na kuniita mama wa mjini.

Lakini kisa chenyewe ni cha kuku. Kwetu kwa Waluhya mgeni akija lazima kuku achinjwe, na firigisi ni ya mwenye boma. Nyumbani Nairobi huyu kijana ndiye hula firigisi kila siku, hakuna wa kumpinga. Sahani ikawekwa mbele ya kuka, yaani babu yake, na mtoto akanyoosha mkono: "Hiyo ni yangu." Kimya! Mama mkwe akaniangalia, mimi nikaangalia ugali. Mzee akaichukua, akaigawa mara mbili kwa meno, akampa nusu. Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye boma hapo ajitokeze mapema. Tangu hapo wawili hao wana yao, wanapigiana simu.

Mama Wawili Kimara
Nimecheka hadi mdogo kaamka. Nesi, asante, chandarua nimeandika. Mama wa Msimamo, hiyo ya kukojoa naichukua kama ilivyo. Swali: zawadi nabeba nini, na nampa nani? Ukoo siujui!

Mzee wa Rombo
Sukari, majani ya chai, sabuni, na kitenge kwa bibi mwenye mji. Vyote kabidhi kwake faragha, agawe mwenyewe. Ukifungua begi sebuleni utagundua una mawifi wengi kuliko ulivyoambiwa. Nauli ya kurudi ikae mahali ambapo hata mumeo hapajui, maana atakutana na binamu zake.

Mhaya wa Tabata
Mzee hapo kwenye binamu umenigusa. Shemeji, na begi la kurudi liwe na nafasi. Mtapewa mikungu ya ndizi, na kukataa ni matusi.

Mama Wawili Kimara
Mikungu? Hadi Kimara? Basi halitozi?

Mhaya wa Tabata
Linatoza. Patana na konda kabla haijapanda kwenye buti. Ikishapanda bei ni yake.