Makro ipi inahesabu maneno kwa usahihi, ya Word au ya LibreOffice?

KalamuNyeusi: Wakuu, habari za kazi. Nina hati ndefu ambayo haitakiwi kuvuka kikomo cha maneno. Namba iliyo chini ya dirisha la Word hailingani na ya makro niliyopewa (kijiprogramu kinachoendesha kazi ndani ya hati), na LibreOffice Writer, programu mbadala wa Word, inaleta namba ya tatu. Nataka nichague moja niende nayo. Ipi mnaiamini?

Mpangachapa: Mkuu, umetunyima mambo muhimu. Makro yenyewe imeandikwaje? Tanbihi zipo? Visanduku vya maandishi je? Na aliyeweka kikomo anahesabu nini?

KalamuNyeusi: Inatumia ActiveDocument.Words.Count. Tanbihi ni nyingi.

Mpangachapa: Mchawi ni huyo. Words.Count huhesabu mkato, nukta na hata alama ya mwisho wa aya. Aya yenye "Sawa, twende." tu itakupa 5 badala ya 2. Weka ComputeStatistics(wdStatisticWords, True). Hiyo True ndiyo inayoingiza tanbihi. Ukiiacha, zinabaki nje.

DadaMhariri: Mimi nimehamia LibreOffice na sirudi. ThisComponent.WordCount, mstari mmoja, tanbihi zimo tayari. Tena kwenye mipangilio unaamua mwenyewe kama kistari kirefu kinatenganisha maneno.

Mpangachapa: Dada, asiyetaka tanbihi afanyeje hapo? Inabidi aandike makro ya kuzitoa.

MtafsiriHuru: Ngojeni niwaeleze yaliyonikuta. Mteja mmoja alinipa kijitabu cha kutafsiri, malipo kwa neno. Nusu ya matini ilikuwa ndani ya visanduku, pembeni mwa michoro. Nilitafsiri vyote. Kufika kwenye malipo, akatoa hesabu ya makro yake iliyosoma matini kuu peke yake. Nikamwonyesha kwamba kwenye dirisha la hesabu la Word kuna mahali pa kuweka tiki ili visanduku na tanbihi viingie. Akajibu kwamba ofisini kwao makro ndiyo sheria. Kazi ya visanduku ikapotea hivyo hivyo, na iliniuma sana. Tangu hapo sigusi kazi kabla hatujaandikiana kipi kinahesabiwa na kwa chombo gani.

DadaMhariri: Pole sana ndugu yangu. Huo ni unyonyaji.

Jicho2: Angalieni na usalama. Tangu 2022 Word inazuia makro za faili zilizotoka intaneti, na watu wanafungua kizuizi bila kusoma kilichomo. Nakili maandishi ya makro, yasome, ndipo uyabandike kwenye faili lako.

Mpangachapa: Kweli kabisa. KalamuNyeusi, ufuatiliaji wa mabadiliko (Track Changes) umewashwa? Maneno yaliyofutwa yakiwa bado yanaonekana, Word huyahesabu.

KalamuNyeusi: Umewashwa, ndiyo. Nitabadilisha makro kwanza. Ila orodha ya marejeo nayo inahesabiwa?

DadaMhariri: Haihesabiwi.

MtafsiriHuru: Inategemea, dada. Wengine huhesabu mpaka majedwali.

DadaMhariri: Majedwali sawa, ni kazi ya mwandishi. Lakini marejeo ni majina ya vitabu vya watu, yamlie mtu nafasi ya hoja zake kwa nini?

Mpangachapa: Kwa sababu msomaji naye anayasoma. Muulize aliyeweka kikomo, mkuu, kabla hujapunguza hata sentensi moja.