Wakuu, mimi na namba yangu kifuani naitwa "kijana wa kubeba"!

Wakuu, hapa natetemeka. Yule jamaa mnamjua. Yule wa kofia, kila shindano la ubunifu hapa Mwanza yumo, hata likiwa la kubuni mfuniko wa sufuria.

Hili la kukausha dagaa kipindi cha mvua, mawazo yaliwekwa hadharani, washindani tukachangiana. Jamaa kaleta chanja kaliziba nailoni pande zote, dagaa mule wanatoka jasho kama abiria wa daladala ya Igoma. Nikamwandikia, usiku, kwa bando langu: acha uwazi chini hewa iingie, toboa juu mvuke utoke. Akajibu kwa Kisukuma "wabeja sana kaka", yaani asante.

Leo majaji wamefika kwake. Uwazi chini upo. Matundu juu yapo. Mimi nimeshika kona ya chanja maana upepo wa ziwa ulitaka kuondoka nalo. Jaji akauliza, na huyu? Jamaa bila kupepesa: "Huyu kijana wangu wa kubeba."

WA KUBEBA! Namba ya ushiriki inaning'inia kifuani! Halafu kijana gani, mimi nina mtoto sekondari! Jaji akanipa pole kwa kazi na chupa ya maji. Ya kubebea!

Sato Mkavu: Maji ulikunywa?

Mleta uzi: Nilikunywa. Jua lilikuwa kali. Wa kubeba, jamani!

Shemeji wa Kirumba: Tusikie upande wa pili. Wa kofia, jitokeze.

Gugumaji: Kuchangiana na mpinzani si ujinga. Netflix walitangaza shindano la dola milioni 1 mwaka 2006, la kuboresha mfumo wao wa kupendekezea watu filamu, na aliyechukua zawadi ya kila mwaka alilazimika kuanika mbinu zake wapinzani wazione. Mwishowe timu 3 zikaungana, zikabeba donge 2009. Wapinzani wao walifungana nao alama, wakakosa kwa kuchelewa dakika 20 tu.

Mleta uzi: Hao waliungana kwa majina yao! Nani pale aliitwa wa kubeba?

Sato Mkavu: Si wamesema "zikabeba"? 😂😂

Shemeji wa Kirumba: Dakika 20 mimi ningelala hapo hapo ukumbini.

Mama Chanja: Nyie mnabishania nailoni, sisi wengine dagaa tumeanika juzi, mvua imewageuza uji. Na wa mchangani ndio hao mnauziwa na mchanga wake.

Gugumaji: Mchanga afadhali. Mimi jana soko la Mwaloni nimepimiwa kisado kimebonyezwa kitako hadi katikati. Nafika nyumbani dagaa hawajai sufuria.

Shemeji wa Kirumba: Yule mama wa kona ya kwanza?

Gugumaji: Huyo huyo!

Mama Chanja: Wa kona ya kwanza ni shangazi yangu, chunga mdomo.

Sato Mkavu: Mwambie shangazi nina chenji yangu kwake tangu Pasaka.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu

Gugumaji: Subiri kidogo mkuu. Mama Chanja, hicho kisado mlikibonyeza kwa nyundo au kwa goti?