Sirloini ni nyama ya wapi hasa? Naombeni ushauri

Wakuu naombeni msaada, haya majina ya nyama ya ng'ombe yamenivuruga. Nilifuata resipi ya Muingereza inataka sirloini, nikachukua iliyokatwa Kimarekani, kumbe sirloini ya Marekani inatoka nyongani, ile Muingereza anaiita rampu, na yake yeye ni sarara ya mgongoni nyuma ya mbavu! Nikaikaanga fasta fasta kama walivyosema, tukatafuna mpaka taya zikachoka 😂. Porterhausi nayo, aina nyingine ya steki, Marekani ina mfupa wenye umbo la T, Australia mara nyingi haina mfupa kabisa. Sasa mnaopika resipi za nje mnafanyaje, mnamwonyesha muuza bucha sehemu kwenye picha ya ng'ombe au kuna njia rahisi zaidi?