Naomba ushauri: gari imetembea sana, nataka kuifanyia sevisi mwenyewe nyumbani

Wakuu habari zenu. Nina gari ya otomatiki imeshapiga kilomita 280,000 na bado inavuta freshi tu, haichemshi wala haitoi moshi, sasa sitaki nisubiri mpaka inizimikie njiani ndo nianze kuhangaika. Oili ya injini, plagi na pedi za breki hizo nabadilisha mwenyewe, jeki na stendi ninazo (kuingia chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake hapana, hata mnipe nini).

Kinachoniumiza kichwa ni oili ya gia boksi. Nimevuta dipstiki nikapangusa kwenye tishu nyeupe, rangi ni kahawia iliyoiva ila hainuki kuungua. Kuna wanaosema gia boksi ya zamani ukiigusa tu umeiua, itaanza kuteleza, wengine wanasema toa ile inayotoka kwenye nati ya chini, jaza kiasi kile kile, tembea wiki kadhaa kisha rudia, maana oili nyingine inabaki kwenye toki konveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi). Mimi naegemea hapo kwenye kidogo kidogo, kuiflashi kwa mashine (kusukuma oili yote ya zamani itoke kwa mpigo) naogopa. Aliyewahi kufanya kwenye gari ya umri huu ilikuwaje?

La pili taimingi belti (mkanda wa injini unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake), sijui aliyekuwa nayo kabla yangu alibadilisha lini, kwa nje haina nyufa ila najua hicho sio kigezo. Nibadilishe tu pamoja na wota pampu na tenshena (kile kinachokaza belti)? Na hii inafanyika nyumbani kweli au nimpelekee fundi?