Wakimbiaji wa Mtwara na Lindi, siku ya mvua mnavaaje? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Shangani:
Wakuu salaam. Sisi wa kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Ukisema usubiri ikatike ndipo ukimbie, kitambi kitakuota. Mimi hutoka Shangani alfajiri hadi Mikindani, kilomita kumi hivi, kurudi napanda bajaji. Jumamosi mawingu yalikuwa yamefunga, nikaazima koti la mpira la jirani yangu wa bodaboda. Nikajiona mjanja. Sijafika hata nusu ya njia, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Nilipolivua, ndani nimelowa chapachapa kama sikuvaa kitu. Mama muuza vitumbua akaniuliza, "Baba, umetoka kuvua pweza?" Kwenye bajaji ndiyo usiseme, upepo unaingia kulia unatokea kushoto, meno yakagongana hadi nyumbani. Siku tatu mafua. Wenzangu mnafanyaje?

Mla Korosho:
Mimi mvua ikinyesha nalala. Uzoefu wangu ndio huo.

Mnewala:
Mkuu, mafua ni virusi, usiisingizie mvua. Na koti nalo unalionea, aliyekuponza ni bajaji. Ukiwa unakimbia mwili unajipasha wenyewe. Ukisimama tu, moto umezimwa na nguo mbichi iko mgongoni. Maji yanachota joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde tunalijua hilo, kuna asubuhi ukungu umefunika hata Shimo la Mungu, lile bonde letu la Newala, hulioni, na manyunyu yake yanapenya mfupani.

Nilichojifunza: wazo la kurudi nyumbani mkavu nililitupa zamani. Utalowa, kama si kwa mvua basi kwa jasho. Kinachotakiwa ni ulowe bila kupoa. Navaa jezi ya mpira wa miguu iliyonibana kidogo, kitambaa kile cha kuteleza kisichonywa maji, na juu yake kikoti chepesi cha kukata upepo chenye zipu ya mbele. Nikipanda mlima nafungua, nikishuka nafunga. Siku ya baridi kweli ndani naweka kisweta chembamba cha sufu cha mtumbani, maana sufu hata ikilowa inashika joto. Tisheti ya pamba ile ya kampeni usiiguse, inakunywa maji ikawa nzito kama gunia na haikauki.

Tena, ukitoka uelekeze uso kwenye upepo, urudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume, unarudi umechoka, umelowa, na upepo unakupiga kifuani. Katisha njia, geuza kabla ya Mikindani, urudi kwa miguu yako.

Binti Mikindani:
Kaka zangu mmesahau kuchubuka. Mimi nakimbia na mtandio, zamani wa pamba. Mvua ikiupiga unashuka mabegani kama kanga iliyotoka kufuliwa, shingo inawaka moto. Sasa navaa ushungi wa kuvuta, mwepesi, na suruali ya kubana badala ya ile pana inayopigapiga miguuni. Kabla ya kutoka, mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye vidole vya miguu. Usione haya kupaka mengi. Siku niliyosahau nilitembea wiki nzima kama bata.

Wa Mitwero:
Dada umesema kweli, na wanaume wapake chuchu pia. Mimi niligundua nilipofika nyumbani na jezi nyeupe ina madoa mawili ya damu, mke wangu nusura apige yowe.

Niongezee la raba. Usizianike jikoni. Zangu niliziweka karibu na jiko la mkaa zikauke haraka, gundi ikayeyuka, soli ikaachama kama chewa. Toa kile kitambaa cha ndani, shindilia magazeti makavu, baada ya saa moja toa uweke mengine, ziache penye hewa. Kufika asubuhi unavaa. Kofia yenye kepi nayo ni dawa, maji hayaingii machoni. Simu naiweka kwenye mfuko wa mkate, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na ya mkate ndiyo iliyobaki nyumbani kwangu. Na ukisikia radi, mbio zimekwisha. Usijibanze chini ya mwembe wala mkorosho, ingia kwenye nyumba ya watu, bisha hodi.

Mtoto wa Shangani:
Wakuu, mrejesho. Leo imeshuka ya nguvu, nikavaa jezi ya mpira ya timu ya mtaa na kofia, mafuta nimepaka kama naenda harusini. Nimegeuzia njiani, nimerudi mbio. Mlangoni nilikuwa nimetayarisha taulo na shati kavu, nikabadili kabla ya kuinywa chai. Nimelowa, ila sikutetemeka hata kidogo. Koti nimemrudishia mwenyewe. Swali limebaki moja: soksi. Za kwangu zimenipa lengelenge kisiginoni.

Binti Mikindani:
Za pamba hizo. Tafuta za mpira wa miguu, ndefu kidogo, halafu kisigino nacho upake mafuta.

Mla Korosho:
Mvua imeanza tena huku. Nageukia upande wa pili.