Filamu za dinosaria za zamani: uongo mtupu au ufundi?

Mkaa_Mbezi: Wakuu, jana nimeirudia One Million Years B.C. ya 1966, ile ya Raquel Welch na kivazi cha ngozi. Watu wa mapangoni wanakimbizana na dinosaria! Dinosaria wamekwisha miaka milioni 66 iliyopita, sisi tumekuja juzi. Halafu lile jitu la mwanzoni ni mjusi iguana wa kawaida, wamemkuza kwa kamera basi. Watoto waonyeshwe vitu hivi au tunawajaza ujinga?

FundiSaa: Mnyama hai hapo ni huyo iguana mmoja tu. Wale wengine wakubwa Ray Harryhausen kawafinyanga kwa mkono. Kisanamu cha mpira, ndani kiunzi cha chuma. Unakisogeza kidogo, unapiga picha, unakisogeza tena. Sekunde moja inakula picha 24. Wewe hata kukata kucha huna subira.

Mkaa_Mbezi: Kucha zimeingiaje hapa?

Dokta_Vumbi: Na yule buibui je? Naye alikuwa hai. Kwa hiyo si "mmoja tu".

FundiSaa: Haya, na buibui. Umeridhika? Tazama basi ile ya kwanza, One Million B.C. ya 1940, ndiyo walimbandika mamba mdogo pezi mgongoni.

Mwl_Kiranja: Mimi kinachonichekesha ni nywele. Miaka milioni moja iliyopita watu wa kale walikuwepo, pale Olduvai, Homo erectus na mashoka yao ya mawe. Hakuna aliyetoka saluni.

Shaba22: Tuseme ukweli, wazee. Mlizipenda kwa sababu mlitazama kibanda umiza, TV ya kichogo, mkanda umeliwa na panya. Leo kwenye skrini safi zinachekesha.

BabaZuu: Kibanda umiza usikiguse kijana. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, watu 60 chumba kimoja, na mnyama akitokea wote tunalala chini. Wewe unatazama Jurassic Park peke yako na simu mkononi, unaogopa nini?

Shaba22: Jurassic Park ya 1993 angalau ina utafiti.

Dokta_Vumbi: Utafiti? Dinosaria Velociraptor wa kweli alikuwa saizi ya bata mzinga, tena ana manyoya. Pale wamemfanya mrefu kama mtu, hana hata unyoya mmoja.

Mwana_Lindi: Mnagombania dinosaria wa mpira, na wa kweli kachimbwa kwetu Lindi, pale Tendaguru, yuko makumbusho ya Berlin. Kimo mita 13 na ushee, watu wanalipa kiingilio kumwona.

Mwl_Kiranja: Na yule shingo ndefu wa Jurassic Park, ile sura dunia iliizoea zaidi kutokana na mifupa hiyohiyo ya Tendaguru. Siku hizi wataalamu wanamwita huyo wa Tendaguru Giraffatitan, yaani twiga jitu.

BabaZuu: Kumbe Hollywood nao wanatudai! Namaanisha, tunawadai. Na huyo wa Berlin arudi kwetu!

Shaba22: Arudi akae wapi? Chini ya mwembe?

Mwana_Lindi: Hilo ndilo neno la dharau. Wajerumani walichimba 1910 hadi 1912...

Dokta_Vumbi: 1909 hadi 1913.

Mwana_Lindi: ...haya, 1909 hadi 1913, vita vya Maji Maji majeraha hayajapona. Mifupa ilibebwa kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mmewahi kuliona jina lake kwenye filamu yoyote? Harryhausen mnamjua hadi kiunzi cha chuma.

FundiSaa: Hapo umenigusa, lakini Harryhausen hakuiba mfupa wa mtu.

Mwana_Lindi: Nani kasema kaiba?

Shaba22: Mimi nimeuliza akae wapi, sijajibiwa.

BabaZuu: Akae kwako, si una skrini kubwa.

Mkaa_Mbezi: Jamani, mimi niliuliza habari ya iguana.

Mwana_Lindi: Naye arudishwe kwao.

Mkaa_Mbezi: FundiSaa, kucha zangu nimezikata tangu Jumapili.